Mwenye Kujua Ana Deni

Wazee wetu walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Mtu akiona mawingu mazito, naye akaacha mihogo yake imeanikwa uani, asilalamike mvua ikiilowesha. Lakini yule aliyekuwa amelala ndani, asiyaone mawingu, hatumlaumu sana. Kumbe kuona ishara ni jambo moja, na kutenda yapasayo ni jambo la pili. Siku hizi mambo hayo mawili yanatengana mara nyingi kuliko zamani, kwa sababu wataalamu wametupa macho ya kuona ishara ndogo sana, ambazo babu zetu hawakuweza hata kuziwaza.

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya ishara moja ya namna hiyo: ile inayoonyesha ndani ya damu kwamba moyo wa mtu umeumia. Msiseme: «Hayo ni mambo ya waganga.» Swali letu ni la kila mtu mwenye dhamiri. Mtu anapojua kwamba mwenzake yu hatarini, anadaiwa nini? Na kama hana dawa ya kutosha, je, afadhali asijue?

Kwanza tulielewe jambo lenyewe

Moyo ni nyama yenye kazi isiyo na pumziko. Ili ifanye kazi, nayo yataka kulishwa damu, na damu hiyo huifikia kwa mishipa myembamba iliyouzunguka moyo kama mizizi. Kwa muda wa miaka mingi mafuta yaweza kujikusanya ndani ya kuta za mishipa hiyo. Siku moja pahali pale hupasuka, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya moyo iliyoutegemea huanza kufa kwa njaa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mara nyingi mgonjwa husikia kifua kinabanwa kama kwamba kimewekewa jiwe. Maumivu yaweza kupanda shingoni na tayani, au kushuka mkononi. Jasho baridi hutoka, pumzi huwa fupi. Lakini si wote. Wazee na wenye ugonjwa wa sukari, na mara nyingine wanawake, husikia uchovu tu, au kichefuchefu, au pumzi kuwapungukia. Hapo ndipo tunapokosea kwa urahisi, tukisema ni tumbo, ni malaria, ni mawazo mengi.

Nyama ya moyo inapokufa, vitu vilivyokuwamo ndani yake huvuja na kuingia katika damu. Mwaka 1954 waganga wa New York walionyesha kwamba kitu kimoja cha namna hiyo huongezeka katika damu ya watu walioshikwa na ugonjwa huu. Lilikuwa jambo kubwa, lakini ishara yenyewe haikuwa safi, kwa maana kitu kile hupatikana pia katika ini na katika nyama nyingine za mwili. Mtu mwenye ini bovu angeweza kudhaniwa kuwa na moyo mbovu.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Japani, Setsuro Ebashi, pamoja na wenzake, walitambua protini inayosaidia nyama kujikaza na kujilegeza. Iliitwa troponini. Baadaye ilionekana kwamba sehemu mbili za troponini ya moyo hazifanani kabisa na zile za nyama ya mguu au ya mkono. Basi, mtu akiweza kuikamata troponini ya moyo katika damu, amepata habari iliyotoka moyoni kwenyewe. Mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza kipimo cha kufanya kazi hiyo.

Lakini kitu kidogo hivyo hukamatwaje? Mwili wenyewe ndio ulioonyesha njia. Ugonjwa ukituingia, damu yetu hutengeneza vilinzi viitwavyo kingamwili, na kila kilinzi chamjua adui wake mmoja tu, kama ufunguo ujuavyo kufuli lake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, bila mwisho. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Njia yao haikufungiwa na hati ya mwenye mali, hata watu wa nchi nyingi wakaitumia bila kuomba ruhusa.

Kingamwili hizo zikibandikwa juu ya kitu kinachoweza kuhesabu, tunapata chombo ambacho wataalamu hukiita biosensa. Tone la damu hupita juu ya uso uliopandwa kingamwili. Troponini ikipita, hukamatwa. Kisha huja kingamwili nyingine, nayo yaishika troponini ile ile kwa upande wa pili, kama watu wawili washikavyo samaki mmoja, huyu kichwani na yule mkiani. Hiyo ya pili imebeba alama: labda punje ndogo ya dhahabu, labda kitu kitoacho mwanga au nguvu ya umeme. Pasipo troponini katikati, alama haina cha kujishikiza, nayo huoshwa na kwenda zake. Alama zilizobaki huhesabiwa, na chombo huandika namba.

Namba hiyo ni ya vitu vidogo mno. Chukua gramu moja, uigawanye sehemu bilioni moja: sehemu moja ndiyo nanogramu. Kwa kipimo kimoja kinachotumiwa sana, mpaka kati ya hali ya kawaida na hali ya kuumia ni nanogramu 14 katika lita nzima ya damu. Mashine kubwa za hospitali ndizo zenye macho makali kabisa. Viko pia vyombo vidogo vya kushikwa mkononi, vinavyojibu kando ya kitanda kwa muda wa nusu saa au pungufu, ingawa vingi vyao haviwezi kuona vitu vidogo kama mashine zile.

Ishara si hukumu

Kabla ya kusema juu ya deni, yatupasa kutoa onyo. Namba ni shahidi, wala si mwamuzi. Mpaka tuliotaja uliwekwa na watu kwa mapatano: walipima watu wengi wenye afya, wakachora mstari pahali ambapo 99 kati ya 100 wako chini yake. Maana yake, hata mtu mzima mmoja kati ya 100 aweza kuwa juu ya mstari.

Tena troponini hupanda kwa sababu nyingi: mafigo yakiharibika, damu ikishambuliwa na vijidudu vikali, donge la damu likiziba mshipa wa mapafu, moyo ukivimba kwa ugonjwa mwingine, na hata mtu akikimbia mbio ndefu za kilometa 42. Chombo chasema tu: «Moyo umeumia.» Hakisemi ni nani aliyeuumiza. Na kama damu ilichukuliwa mapema mno, maumivu yalipoanza tu, chaweza kukosa kuona kitu. Ndiyo maana waganga hupima mara ya pili, baada ya saa 1, au 2, au 3, waone kama namba inapanda, inashuka au imetulia. Hupima pia mwendo wa moyo kwa mashine ya umeme. Na zaidi ya yote humwuliza mgonjwa: «Baba, yalianza lini? Yanakushika wapi? Umewahi kuyasikia zamani?»

Basi, anayesoma namba bila kumsikiliza mtu amesoma nusu ya barua. Hilo ndilo deni la kwanza la mwenye kujua: asifikiri kwamba amejua kuliko alivyojua.

Mambo mawili ya kweli

Sasa tutazame yaliyotokea mahali pawili, moja Ulaya, moja karibu nasi.

Huko Scotland waganga walibadili kipimo cha zamani, wakaweka kipya chenye macho makali. Tena waliweka mipaka miwili: nanogramu 16 kwa wanawake na 34 kwa wanaume, kwa kuwa hali ya kawaida ya wanawake ni ya chini. Zamani mpaka mmoja wa juu ulitumika kwa wote, na wanawake wengi walioumia walihesabiwa kuwa wazima. Uchunguzi huo ulifanyika katika hospitali 10, kwa wagonjwa 48,282, na majibu yake yalitangazwa mwaka 2018. Kipimo kipya kiliwafichua watu 1,771 ambao kile cha zamani hakikuwaona.

Mtu angetazamia nini? Kwamba katika mwaka uliofuata wachache zaidi wangekufa au kushikwa tena. Sivyo. Hesabu haikuonyesha tofauti iliyo wazi. Na mwaka 2019 walipotazama habari za wanawake peke yao, waliona kwamba wanawake wengi zaidi walifichuliwa kuliko wanaume, lakini walipewa dawa na matibabu kama nusu tu ya yale waliyopewa wanaume.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wengi wa watu 1,771 hawakuwa na mshipa uliozibwa. Mioyo yao iliumizwa na mambo mengine, ambayo dawa yake haijulikani vizuri. Hata hivyo fundisho ni wazi. Wanawake waliokuwa hawaonekani walionekana. Lakini kuonekana si kuhudumiwa. Chombo kipya kililetwa, na desturi ya zamani ikabaki palepale.

Pahali pa pili ni Moshi, kaskazini ya Tanzania. Wachunguzi waliwapima watu wazima waliofika hospitalini kwa sababu ya maumivu ya kifua au ya kukosa pumzi. Waliwapima kwa mashine ya umeme na kwa troponini, bila kungoja mtu aagize. Kati ya wagonjwa 681, wenye mshtuko wa moyo walikuwa 152, yaani zaidi ya mmoja katika watano. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2020. Wengi hawakutambuliwa katika matibabu ya kawaida, na ni wachache sana waliopewa hata aspirini walipofika. Baada ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi wa wagonjwa hao wa moyo walikuwa wamekufa.

Wengi hapa Afrika walizoea kusema kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri wanene. Neno hilo lilitupumzisha, kwa maana usichokitafuta hukioni, na usichokiona hakikusumbui. Kumbe wagonjwa walikuwapo. Hawakuwa na jina tu.

Je, afadhali tusijue?

Labda mmoja wenu atasema: «Katika Ulaya mgonjwa hupelekwa mbio, mshipa hufunguliwa kwa mrija mwembamba, na moyo hupona. Kwetu Kongo mashambani hakuna mitambo ya namna hiyo. Barabara ni mbovu, na mji uko mbali. Kumpima mtu, kumwambia kwamba moyo wake unakufa, kisha kumwacha pale kitandani, si ukatili? Tena kipimo kinalipwa. Jamaa watauza mbuzi wapate karatasi yenye namba, na karatasi haitamponya mtu.»

Hoja hii ina nguvu, na si ya wajinga. Mwaka 1968 J. M. G. Wilson na G. Jungner waliandika kitabu kwa ajili ya Shirika la Afya la Ulimwengu, juu ya kuwapima watu ili kutafuta magonjwa yaliyojificha. Moja ya kanuni zao ni hii: ugonjwa unaotafutwa uwe na matibabu yanayokubalika. Maana yake, usiende nyumba kwa nyumba kuamsha hofu usiyoweza kuituliza.

Twaikubali kanuni hiyo. Lakini tutazame vizuri: ilitungwa kwa ajili ya watu wanaojiona wazima, ambao ni sisi tunaowafuata. Mtu mwenye maumivu kifuani yuko katika hali nyingine. Hatukumfuata sisi, yeye ametufuata. Hofu anayo tayari, na swali lake limekwisha kuulizwa. Kumjibu «ni tumbo tu», huku tukiwa na njia ya kujua zaidi, si kumpunguzia mzigo. Ni kumnyima haki yake.

Hapa inafaa kutofautisha kutojua kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu asiyeweza kujua: hana chombo, hakufundishwa, giza lilimfunika. Huyo hana hatia. Na kuna kutojua kwa mtu aliyeufunga mlango kusudi, apate kusema baadaye: «Sikujua.» Huyo hajaepuka deni. Ameliongezea deni jingine juu yake. Mtu anayekataa kufungua barua kwa kuogopa kwamba ndani kuna madai, hajalipa kitu.

Tena si kweli kwamba pasipo mitambo mikubwa hakuna la kufanya. Mwaka 1988 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi nyingi, kwa wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Wengine walipewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja, kipimo cha miligramu 160 hivi, yaani kama nusu ya kidonge cha kawaida. Kati ya kila wagonjwa 1,000 waliopewa, walikufa kama 24 pungufu kuliko kati ya wale ambao hawakupewa, kwa muda wa majuma matano. Ni watu 24, kwa dawa ambayo bei yake ni franka chache na ambayo haihitaji umeme wala friji.

Lakini mtu asikimbilie aspirini kila asikiapo maumivu kifuani, kwa maana yaweza kuwadhuru wenye vidonda vya tumbo au wanaotokwa damu; ni kazi ya mganga kuamua. Twataja jambo hili kwa sababu linavunja ile hoja ya kwamba kwa mtu maskini kujua hakufai kitu. Mara nyingi kati ya «kufanya yote» na «kutofanya lolote» kuna mambo mengi madogo, na uvivu wetu hupenda kuyasahau.

Deni lenyewe

Mwenye kujua, basi, anadaiwa nini? Twaona mambo manne.

La kwanza, anadaiwa ukweli, na ukweli huo usemwe kwa lugha ya mgonjwa. «Mama, damu yako yaonyesha kwamba moyo umeumia. Hatujajua bado sababu yake; tutapima tena baadaye. Dawa hii tunayo, ile hatuna.» Maneno hayo hayana ukatili. Yampa mama nafasi ya kuwaita watoto wake, kuuliza, na kuamua kama atasafirishwa au la. Ukatili ni kunong'ona na jamaa mlangoni, mwenye mwili akiachwa gizani.

La pili, anadaiwa tendo, kwa kadiri mkono wake unavyofika. Hakuna anayedaiwa kisichowezekana. Lakini mtu asiseme «haiwezekani» kabla ya kunyosha mkono. Kidonge, kumlaza vizuri, kumpelekea habari mganga wa hospitali kubwa kwa simu, kukaa naye usiku ule: yote hayo yamo katika deni.

La tatu, asiuze ujuzi usio na kazi. Ikiwa jibu la kipimo, liwe ndiyo au siyo, halitabadili kitu chochote katika matunzo ya mgonjwa, basi kumtoza mtu franka zake kwa ajili ya kipimo hicho ni kumnyang'anya kwa adabu. Kabla ya kuchoma sindano, mganga mwema hujiuliza: «Nikiona namba kubwa, nitafanya nini? Nikiona ndogo, nitafanya nini?» Kama majibu mawili ni mamoja, aweke sindano chini.

La nne, deni si la mganga peke yake. Mwuguzi wa kituo kidogo aliyeona ishara, akatenda yote aliyoweza, amelipa sehemu yake. Sehemu iliyobaki inawaangukia wale wenye mikono mirefu zaidi: wanaogawa mali ya serikali, wanaonunua vyombo na kusahau dawa, wanaopokea mashine za zawadi bila kuuliza kama vifaa vyake vya kutumia vitapatikana mwakani. Chombo kizuri ndani ya nyumba isiyo na dawa ni kama kengele katika kijiji kisicho na watu wa kuzima moto. Kengele haina kosa. Tusiivunje, tuite watu.

Nasi je, tusio waganga?

Labda msomaji afikiri kwamba amebaki salama nje ya habari hizi, kwa kuwa hajui kupima troponini. La, hasha. Sisi sote tunazo ishara zetu. Baba aliyekuwa akipanda kilima na mzigo, sasa asimama mara tatu njiani akishika kifua. Shangazi amelalamika juma zima kwamba hapati pumzi, na watu wa nyumbani wamemzoea. Mwanamke asema ameumwa, mumewe amjibu kwamba wanawake hupenda kulalamika. Tuliona kwamba hata pale Scotland, penye mashine kamili, mwanamke aliyetambuliwa alipata nusu tu ya matunzo. Kama mashine haikuweza kuishinda desturi hiyo, nani ataishinda? Ni sisi, kila mmoja katika nyumba yake, tukikubali kumsadiki anayesema: «Ninaumia.»

Mishipa ikiziba, kila saa inayopita yala sehemu ya moyo ambayo haitaota tena. Basi mtu mwenye dalili zile asingoje asubuhi, asingoje mpaka jamaa wote wakusanyike, wala asione haya. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na wewe uliye jirani yake, ukisha kuona, usiseme: «Si mzazi wangu.» Tafuta pikipiki, tafuta machela, mfikishe penye mganga.

Kazi ya vyombo ni kutupa kujua. Watazidi kuvitengeneza, vidogo zaidi na vya bei nafuu zaidi, navyo vitaona mambo ambayo leo hayaonekani. Twafurahi kwa hayo. Lakini hakuna chombo kitakachotupa moyo wa kutenda baada ya kujua. Huo yatupasa kuja nao sisi wenyewe.